Sura ya Nne: Nyaya, Mizani na Samadi

Katika uwanda wa Laikipia, kaskazini magharibi mwa Mlima Kenya, kuna uzio ambao mpita njia angedhani umeachwa nusu. Ni waya wa umeme uliotandazwa juu, mita mbili kutoka ardhini, na kutoka kwenye waya huo zinaning'inia nyaya fupi fupi. Chini yake ni wazi kabisa. Punda milia wanapita. Swala wanapita, pofu wanapita, ng'ombe na mchungaji wao wanapita. Tembo na twiga ndio wanaoishia hapo, kwa kuwa kimo chao kinawakutanisha na umeme kabla hawajatia mguu ndani.

Uzio huo haukujengwa kulinda mali ya mtu. Kazi yake ni kuchagua nani aingie na nani abaki nje, na kazi hiyo imefanyika tangu 1995. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha utafiti wa malisho katika Afrika Mashariki kilichotufundisha mengi kuliko huo, ingawa ukiutazama ni nguzo na nyaya tu. Sura hii inauhusu, pamoja na vifaa vinavyoshirikiana nao: mizani, josho, boma la usiku, na vyumba vya Nairobi ambamo ng'ombe hupimwa pumzi anayoitoa.

Uzio huo uko Mpala, ranchi ya ekari zipatazo 48,000 kando ya Mto Ewaso Ng'iro, unaifikia kwa barabara ya vumbi kutoka Nanyuki. Ni ranchi ya kweli, yenye ng'ombe aina ya Boran wanaofugwa kwa biashara, na hapo hapo ni kituo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa wenye ranchi na Chuo Kikuu cha Princeton, Taasisi ya Smithsonian, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jaribio la uzio lilianzishwa na mwanaikolojia Truman Young, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, pamoja na wenzake. Walichagua sehemu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu na magurudumu wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi. Miti yake karibu yote ni ya aina moja, mgunga mfupi unaoitwa kitaalamu Acacia drepanolobium, na aina tano tu za nyasi ndizo zinazofunika sehemu kubwa ya ardhi. Mahali rahisi namna hiyo, penye mimea michache, ndipo panapofaa kuuliza swali gumu.

Viwanja ni 18, kila kimoja hekta nne, yaani mita 200 kwa mita 200. Vimepangwa katika makundi matatu ya viwanja sita sita, ili tabia ya eneo moja isije ikadhaniwa kuwa kanuni ya nchi nzima. Ndani ya kila kundi, kiwanja kimoja hakiingiwi na mnyama yeyote mkubwa. Kingine huingiwa na ng'ombe peke yao. Kipo kinachoingiwa na wanyamapori wa kimo cha kati, kama punda milia, kongoni, pofu na swala granti, bila ng'ombe na bila tembo. Na jirani yake kinachoingiwa na hao hao pamoja na ng'ombe. Halafu kipo cha wanyamapori wote, tembo na twiga wakiwemo, ila ng'ombe hawaruhusiwi. Cha mwisho kiko wazi kwa kila mwenye kwato na kila mwenye mkonga.

Hapo ndipo penye ufundi. Kabla ya hapo, majaribio mengi ya aina hii duniani yalikuwa ya uzio mmoja: ndani hakuna mnyama, nje wapo wote, kisha mtu anapima nyasi za pande mbili. Akikuta tofauti, hawezi kusema imeletwa na nani. Ng'ombe walibebeshwa lawama za tembo, na punda milia lawama za ng'ombe. Laikipia waliamua kumwita kila mshtakiwa peke yake, kisha wawili wawili, kisha wote kwa pamoja.

Uzio Laikipia ni jambo zito, na mwandishi anayelipita kimya hawatendei haki wenyeji. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na kuwapa Laikipia, ikiahidi kuwa itabaki yao. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena huko, wakapelekwa kusini na mifugo yao, na ardhi ikawa ranchi za walowezi. Ranchi kubwa za leo ni watoto wa historia hiyo. Mwanzoni mwa 2017, wakati wa ukame, wafugaji wengi waliingia na mifugo katika ranchi za kaunti ile, na watu walikufa. Kwa hiyo mtu anaposoma kuhusu waya wa utafiti katika ardhi hii, ajue kwamba jirani wa ng'ambo ya pili anausoma waya huo kwa kumbukumbu nyingine. Ninaamini matokeo ya Mpala yana thamani kwa mfugaji yule kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana nataka yaelezwe kwa lugha yake.

Uzio kamili, ule wa kumzuia kila mnyama mkubwa, una kimo cha mita 2.4 na nyaya 11. Kuujenga ni kazi ya msimu mmoja. Kuutunza ni kazi isiyokwisha. Nyasi zikigusa waya wa chini, umeme unavuja. Mvua inalegeza nguzo kwenye udongo ule mweusi. Tembo akijua kwamba nguzo ya mbao haina umeme, anaisukuma. Kila kitu kinachodaiwa katika makala za kisayansi kuhusu viwanja hivi kimesimama juu ya watu wanaozunguka na koleo na waya wa akiba, mwaka baada ya mwaka.

Ndani ya viwanja ng'ombe hawaachiwi wakazurura. Kundi la ng'ombe 100 hadi 120 huingizwa na wachungaji, likalisha kwa saa chache, likatolewa. Hufanyika hivyo siku mbili tatu mfululizo, kisha kiwanja kinaachwa kipumzike, na kwa mwaka mzunguko huo unarudi mara tatu au nne. Ndivyo ng'ombe wanavyolishwa katika ranchi yenyewe na ndivyo wafugaji wa kaskazini wanavyolisha: mchungaji mbele, kundi nyuma, usiku wote bomani. Wangeweza kufunga ng'ombe watano ndani ya uzio mwaka mzima na hesabu ikaonekana safi kwenye karatasi. Lakini ng'ombe aliyefungiwa hekta nne hupita njia zile zile, hulala pale pale, hukata nyasi ile ile kila inapochipua. Huyo si ng'ombe wa Laikipia, na majibu yake yasingemsaidia mfugaji yeyote.

Kupima nyasi hakuhitaji mtambo. Kuna fremu yenye sindano kumi ndefu zilizopangwa mstari. Mtu huisimamisha juu ya nyasi, akashusha sindano moja moja, na kuandika kila jani linaloguswa na kila ncha: aina yake, bichi au kavu, au ncha imefika kwenye udongo mtupu. Anasogea hatua kadhaa, anarudia. Vipimo huchukuliwa katika hekta moja ya katikati, kwa kuwa pembezoni mwa kiwanja uzio wenyewe hubadilisha mienendo ya wanyama. Ni kazi ya kuinama juani siku nzima. Anayeifanya lazima aujue kila unyasi kabla haujatoa suke, na wenye ujuzi huo Laikipia ni vijana waliokulia machungani.

Kupima kile ng'ombe anachokula ni kazi ya subira zaidi. Mtafiti humfuata mtamba mmoja akiwa hatua mbili tatu nyuma ya bega lake, na kila mnyama anapokata tonge la nyasi, anahesabu: hii nyasi ya aina fulani, hii tena, hili gugu la majani mapana, hii nyasi. Mitamba huzoeshwa kwanza hadi wasijali mtu. Kinyesi chao huokotwa, kikakaushwa, kikapelekwa maabara kupimwa protini na kiasi cha chakula kilichosagika. Kisha inakuja krashi, kile kichochoro chembamba cha mbao au chuma kinachopitisha ng'ombe mmoja mmoja, na mwisho wa kichochoro ni mizani. Mnyama anasimama juu ya bamba, mtu anasoma namba ya hereni na kilo, lango linafunguliwa, anatoka. Ng'ombe aliyetoka kunywa maji ana kilo nyingi ambazo si za nyama, kwa hiyo saa ya kupima na hali ya tumbo lazima viwe sawa kila mara. Fujo kidogo katika krashi, mnyama mmoja akaruka, na namba ya siku hiyo haiaminiki.

Kwa vifaa hivyo vichache, Wilfred Odadi, mtafiti Mkenya, na wenzake walijibu swali ambalo wenye ranchi walikuwa wamelijibu kwa bunduki miaka mingi. Imani ilikuwa kwamba punda milia na ng'ombe ni fahali wawili wa zizi moja: kila nyasi anayokula mmoja mwenzake ameikosa. Odadi alilinganisha mitamba waliolisha viwanja vya ng'ombe peke yao na mitamba waliolisha viwanja vyenye wanyamapori. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2011. Wakati wa kiangazi, mwenye ranchi alikuwa sahihi: waliolisha na wanyamapori walipata chakula pungufu na uzito wao haukuongezeka kama wa wenzao. Mvua ziliponyesha, mambo yaligeuka. Mitamba walioshiriki malisho na wanyamapori waliwapita wale waliokuwa na malisho peke yao.

Sababu imo kwenye mashina. Nyasi za udongo mweusi hukua haraka wakati wa mvua, zikajaza vikonyo vigumu na majani yaliyokufa, na chipukizi lenye protini likazikwa humo. Ng'ombe hucheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na tonge halipiti mpaka limelainika, hivyo shina gumu humchelewesha na kumshibisha bure. Punda milia hacheui. Kazi ya kuvunja nyuzi hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, na chakula kinapita upesi. Anafidia ubovu wa nyasi kwa kula nyingi. Akipita mahali, anaondoa yale mashina ambayo ng'ombe hayamfai, na chipukizi linabaki wazi. Katika msimu wa nyasi tele, ng'ombe anayemfuata punda milia anapata tonge bora.

Watafiti wa Mpala walitaka kuliona jambo hili kutoka upande wa pili pia, yaani punda milia naye anapata nini. Lakini punda milia haingii krashi, haamrishwi, hapimwi kila wiki. Odadi akishirikiana na Daniel Rubenstein wa Princeton na wengine wakamtumia punda wa kawaida, yule wa kubebea maji, kama mwakilishi wa ndugu yake wa porini, kwa sababu matumbo yao yanafanya kazi kwa namna moja. Walichunga ng'ombe peke yao, punda peke yao, na mchanganyiko. Wale waliochanganywa walinufaika. Familia nyingi za wafugaji kaskazini mwa Kenya zina punda, na mara nyingi punda huyo huachwa atafute kivyake karibu na boma. Hapa kuna sababu iliyopimwa kwa mizani ya kumtoa asubuhi pamoja na kundi.

Tembo naye ana mchango ambao nadhani ni wa kushangaza kuliko yote. Viwanja vilionyesha kwamba punda milia huwakwepa ng'ombe: penye ng'ombe, mavi ya punda milia hupungua. Lakini penye ng'ombe na tembo kwa pamoja, upungufu huo unakuwa mdogo. Maelezo ya watafiti ni kwamba ng'ombe hupenda magugu ya majani mapana kwa ajili ya protini, na tembo huyala hayo hayo. Tembo akiyamaliza, ng'ombe anakosa kichocheo cha kula nyasi nyingi, na nyasi zinazobaki anazipata punda milia. Mnyama mkubwa kuliko wote anampunguzia mnyama wa tatu makali ya ushindani bila kumkaribia. Nani angekisia hivyo kwa kutazama kwa macho? Ilibidi uwepo waya wa juu, ule wa mita mbili.

Kuna jibu jingine ambalo lisingepatikana kama jaribio lingedumu miaka mitatu tu, kama ufadhili wa kawaida unavyopenda. Ule mgunga mfupi una miiba, na baadhi ya miiba imevimba chini ikawa kama vidonge vyenye tundu. Upepo ukipita, hulia mbinja. Ndani wanaishi sisimizi wakali. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanaulinda: tembo akiingiza mkonga, wanamvamia. Watu wengi wangedhani kwamba ukiuzungushia mti uzio, ukauondolea tembo, twiga na kila mla majani, utastawi. Baada ya miaka kumi, Todd Palmer na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba ilikuwa kinyume. Migunga iliyolindwa ilipunguza utomvu na vinundu, kana kwamba imeona hakuna haja ya kulipa walinzi. Sisimizi wakali walipungua nguvu, na nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine isiyotegemea vinundu, inayoishi katika matundu yanayochimbwa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina. Mabuu hayo yakapata nafasi ya kutoboa. Miti iliyokuwa salama dhidi ya tembo ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayong'olewa majani kila siku.

Miaka kumi ya kutengeneza waya, kwa ajili ya kujua hivyo.

Panya nao walisema lao. Felicia Keesing aliwatega na kukuta panya wa aina ya Saccostomus wakiongezeka hadi karibu maradufu mahali ambapo wanyama wakubwa wamezuiwa, na baadaye ikaonekana nyoka wanaowala nao wanazidi. Anayeondoa mifugo na wanyamapori kwenye ardhi, akitarajia utulivu, ajiandae na nyoka.

Nisimsahau kupe. Ng'ombe wa ranchi huogeshwa dawa, kwa josho au kwa kunyunyiziwa, kwa sababu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huua. Ng'ombe aliyeogeshwa akipita malishoni, kupe wenye njaa hupanda juu yake kama wangempanda mnyama yeyote, na dawa inawaua. Vipimo vya Laikipia vilionyesha kuwa mahali wanapolisha ng'ombe wanaoogeshwa vizuri kupe huwa wachache sana, na wanyamapori wa hapo hapo wananufaika bila wao kuingia joshoni. Faida hii ina masharti: dawa itumike kwa kipimo sahihi na kwa ratiba. Wafugaji wengi wanajua jinsi dawa iliyochanganywa na maji kupita kiasi inavyozalisha kupe sugu, na josho lililoachwa bila kutunzwa lilivyo shimo la tope tu.

Saa kumi na mbili jioni kundi linarudi bomani, na ni hapo, nadhani, ambapo watafiti wa malisho walichelewa kutazama. Boma lilionekana kuwa suala la ulinzi. Ni kweli ni ulinzi: uchunguzi uliofanywa Laikipia na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukuta mnene wa miiba, milango michache, mbwa na watu waliolala karibu hupunguza ng'ombe wanaoliwa na simba na wenzake. Lakini boma pia ni pampu. Mchana ng'ombe mia moja hukusanya nyasi kutoka eneo pana, usiku hushusha samadi na mkojo katika duara moja dogo. Naitrojeni na fosforasi za kilima kizima zinahamia mahali pa kulala. Wafugaji wakihama, duara linabaki tupu kwa muda, kisha linaota nyasi za kijani kuliko zote jirani, bila miti. Swala pala hupenda kukaa hapo: nyasi tamu, na simba anaonekana mbali. David Augustine, aliyechunguza maeneo haya Mpala, alionyesha kuwa rutuba hiyo haifutiki kwa miongo kadhaa.

Miongo ni muda mfupi. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha katika Nature uchunguzi wa maboma ya wafugaji wa kale katika Narok, kusini magharibi mwa Kenya. Walichimba maeneo matano, wakapima udongo. Samadi iliyoachwa na mifugo ya watu wa enzi za mawe, nyingine zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bado inaonekana katika madini ya udongo na katika nyasi zilizoko juu yake leo. Tunapoyasifu mapori ya Mara kama kazi ya asili peke yake, tunawanyang'anya wafugaji sehemu yao. Kundi la mbuzi na ng'ombe lilitangulia kuzikuza baadhi ya nyasi hizo.

Samadi hiyo hiyo ina upande mwingine, na vifaa vya kuuona viko Kapiti. Hii ni ranchi ya utafiti ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi. Iko kaunti ya Machakos, kusini mashariki mwa jiji, ukubwa wake kama hekta 13,000, na kama Mpala, ng'ombe wanalisha pamoja na punda milia na kongoni. Watafiti walifunika vipande vya ardhi ya maboma kwa masanduku yasiyopitisha hewa, wakavuta sampuli za hewa iliyokusanyika ndani kwa bomba la sindano, na kuzipima. Walikuta oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha joto dunia kwa nguvu mamia ya mara kuliko hewa ya ukaa kilo kwa kilo. Boma lililohamwa liliendelea kuitoa kwa muda wa hadi miaka 40. Katika makala yao ya mwaka 2020, Klaus Butterbach-Bahl na wenzake walikadiria kwamba maboma ya nchi kame za Afrika yanaweza kufikia kama asilimia 5 ya oksidi ya naitrasi yote inayotokana na shughuli za binadamu katika bara hili. Hesabu za awali hazikuwa zimeyatia maanani.

Nairobi, katika kituo cha Mazingira cha ILRI, ndipo vilipo vile vyumba vya pumzi. Ni vyumba vidogo vilivyozibwa, vyenye kuta zinazoonyesha nje ili mnyama asihofu upweke, hori la chakula na maji, na mabomba yanayoingiza na kutoa hewa kwa kipimo. Ng'ombe hukaa humo, anakula, anacheua, anabeua, na methani anayoitoa inasomwa. Kabla ya vyumba hivi, hesabu za methani ya ng'ombe wa Afrika zilitegemea sana viwango vya jumla vya jopo la kimataifa la tabianchi, vilivyotokana kwa kiasi kikubwa na ng'ombe wa nchi nyingine, wa miili mingine, wanaokula vyakula vingine. Kundi la John Goopy liliwaweka humo maksai wa Boran na kuwapunguzia chakula chini ya kiwango cha kudumisha mwili, kama inavyotokea kila kiangazi. Kwa kila kilo ya chakula, maksai mwenye njaa kali alitoa methani nyingi kuliko alivyotoa aliposhiba. Nalitaja hili kwa sababu mfugaji wa Kiafrika huambiwa mara nyingi kwamba kosa lake ni kuwa na ng'ombe. Kipimo kinasema njaa ya ng'ombe ni sehemu ya tatizo, na njaa hiyo hakuna mfugaji anayeitaka.

Laikipia siku hizi maboma mengi ni ya vipande vya chuma vinavyounganishwa, vikafunguliwa na kuhamishwa. Samadi haipandi mita nzima mahali pamoja. Inatandazwa duara baada ya duara, na baadhi ya ranchi huyaweka makusudi juu ya ardhi iliyochoka, pasipoota kitu, ili mvua ijayo ikute rutuba na udongo uliovunjwa na kwato. Boma la ulinzi limekuwa jembe.

Ningependa kuona uzio kama wa Mpala ukijengwa Tanzania, na sisemi hivyo kwa kuwa Tanzania haina vituo. Mpwapwa utafiti wa mifugo una mizizi ya tangu 1905, enzi za Wajerumani, na ng'ombe wa Mpwapwa alizalishwa hapo. Kongwa, palipofia mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, kuna utafiti wa malisho hadi leo. Kinachokosekana ni mahali ambapo ng'ombe na wanyamapori wanatenganishwa na kuunganishwa kwa waya kwa miaka 30. Na majibu ya Laikipia hayawezi kuhamishwa kama mbegu. Chukua Simanjiro. Nyumbu na punda milia wa Tarangire hutoka hifadhini wakati wa mvua na kwenda kuzaa katika nyanda zinazochungwa na Wamaasai. Kwa mujibu wa Mpala, mvua ndiyo majira ya ng'ombe kunufaika na majirani wa porini. Lakini Mmaasai wa Simanjiro huwahamisha ng'ombe wake mbali na nyumbu wanaozaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza kirusi ambacho hakimdhuru yeye na humuua ng'ombe. Msimu ule ule wenye nyasi bora ndio msimu wa kukaa mbali nazo. Ng'ombe anapoteza kilo ngapi kwa kukimbia, na nyasi zinazoachwa kwa nyumbu zinarudi vipi kiangazi, ni mambo ya kupimwa Simanjiro kwenyewe, kwa krashi iliyosimikwa pale, na wachungaji wa pale wanaoijua kila nyasi kwa jina la Kimaasai.